Mkono wa Kushoto wa Mkwe

Mashine zilipoletwa bohari hazikumaliza hata wiki bila kupewa jina. Zilikuwa sita, kila moja na magurudumu manne, kiwiliwili kinachopanda na kushuka, mikono miwili mirefu yenye viganja vya mpira, na kichwa hamna. Zikipita kwenye ujia kati ya rafu, mtu unajibanza pembeni, unainamisha macho, unasubiri. Huzitanii, huzigusi, huzikatizi mbele. Mpakiaji mmoja mwenye mdomo mwepesi akasema, "Hawa si mashine, hawa ni wakwe." Jina likaganda. Tangu siku hiyo ikawa Mkwe wa Kwanza, Mkwe wa Pili, hadi wa Sita, na hata mhandisi aliyekuja nazo, binti mmoja mpole wa miwani, akajikuta anaandika hivyohivyo kwenye kompyuta yake.

Waliozifundisha kazi walikuwa watu wawili, Kigingi na shemeji yake. Kigingi si jina alilopewa na mama yake. Alilipata humohumo bohari, kwa sababu akishika kitu hakitikisiki. Alikuwa mbebaji wa vizito: makreti ya vioo, masinki, marumaru, makabati ambayo hata picha yake inachosha kuitazama. Miaka kumi na mmoja hajawahi kuangusha kitu, na alikuwa akilitaja hilo mara nyingi kiasi kwamba wenzake walikuwa wanamalizia sentensi kabla yake. Ana maringo, ndiyo, lakini ni maringo ya mtu asiyevunja kioo, na hayo yanavumilika.

Vizito havibebwi na mtu mmoja. Wanasimama wawili bega kwa bega, uso kwenye rafu, mmoja kulia na mmoja kushoto, wanaingiza mikono chini ya kreti, wanainua, wanageuka pamoja. Kigingi alisimama kulia. Kushoto alisimama shemeji yake, mume wa mdogo wake wa kike, mtu mcheshi, mwenye mwandiko mzuri, anayejua kuongea na wakubwa bila kigugumizi.

Sasa, shemeji huyu alikuwa na siri iliyolala begani. Miaka sita nyuma, siku ya mapumziko, alikuwa nyumbani kwake anapaka dari rangi, ngazi ikateleza, akaangukia bega la kushoto. Bega likapona nusunusu. Mkono ule ukiufikisha kifuani unakubali. Ukiupeleka juu zaidi unagoma, tena unagoma na maumivu. Mbebaji wa vizito asiyeweza kunyanyua mkono ni sawa na dereva asiyeona, na kampuni haikuwa na kazi nyepesi ya kugawa. Angejulikana, angeondoka siku hiyohiyo.

Mdogo wake Kigingi ndiye aliyekuja kumwangukia kaka yake. Alikuja na mtoto mgongoni, mwingine amemshika mkono, macho yamemvimba. "Mbebe, kaka," alisema. "Mwezi mmoja tu. Bega litapona." Kigingi hakuwa na mke wala mtoto, hao ndio waliokuwa watu wake, pamoja na mama yao aliyekaa mbali na kujisifia kila siku kwa majirani kwamba wanawe wawili wanapendana. Akakubali. Mwezi mmoja ukawa miaka sita.

Walibuni namna yao. Kreti likishavuka usawa wa kifua, Kigingi alilivuta kidogo upande wake na kulipokea lote, halafu mkono wa shemeji ulikuwa unasindikiza tu, kiganja kimegusa mbao kwa adabu kama mtu anayesindikiza mgeni hadi mlangoni. Kwa mbali huoni kitu. Unaona watu wawili, kreti moja, mwendo mmoja. Supavaiza alikuwa akiwaleta wageni kuwatazama, anasema, "Hawa ndio tunawaita pacha." Kigingi mgongo ulikuwa unamuuma kila jioni, akawa analala na chupa ya maji ya moto kiunoni, na hakumwambia mtu. Tena alizoea hadi akasahau. Hiyo ndiyo sehemu mbaya ya kuzoea: mwili unaendelea kufanya jambo, na wewe mwenyewe huna habari nalo tena.

Kwa hiyo mhandisi alipoomba pacha wamfundishie mashine, hakuna aliyesita. Mpango wake ulikuwa rahisi. Mikono ya kufundishia ilikuwa ya kitambaa kizito chenye nyaya na vihisi ndani, inavaliwa kama mkono wa koti. "Mkwe ana mikono miwili," alisema, "na kazi hii inafanywa na watu wawili. Kila mmoja atamfundisha mkono mmoja. Wa kulia avae mkono wake wa kulia, wa kushoto avae wa kushoto. Mfanye kama mnavyofanya siku zote. Msibadilishe chochote." Wakavaa. Wakabeba siku tisa mfululizo mbele ya kompyuta, kama wanavyofanya siku zote. Hawakubadilisha chochote.

Shemeji ndiye aliyejaza fomu. Kigingi mwandiko wake ni wa kuombea msamaha, na fomu kwake ni adhabu, kwa hiyo akapewa kalamu, akasaini pale alipoonyeshwa kidole, akarudi kazini. Nani anasoma fomu aliyojaziwa na shemeji yake?

Wiki sita Wakwe walifanya kazi vizuri hadi wakaanza kuudhi. Walibeba masanduku ya vigae, makreti madogo, masinki. Kigingi alipewa kizibao kipya chenye maandishi MWALIMU mgongoni, akakivaa hata kwenye chai. Meneja alisema mbele ya watu wote kwamba bohari jipya likifunguliwa mwisho wa mwaka litahitaji mwalimu mmoja wa mashine, mmoja tu, na macho yake yakatua kwa Kigingi. Wabebaji wengine walijua Wakwe watawaondoa kazini, wao hawana mwisho wa mwaka. Kigingi alijua anao, akalala usingizi mzuri.

Kisha yakaja makreti makubwa ya vioo vya madirisha. Mkwe wa Tatu akaliinua moja hadi rafu ya pili, taratibu kama alivyofundishwa. Lilipovuka usawa wa kifua, kiganja cha kushoto kikalegea. Kwenye mizigo myepesi mkono wa kulia ulikuwa unapokea uzito wote, na hakuna aliyegundua. Safari hii mzigo ulizidi mkono mmoja. Mota ikalia, moshi mdogo ukatoka begani mwa mashine, na kreti likaja chini kwa kishindo kilichosikika hadi barabarani. Mama wa usafi alikuwa upande wa pili wa ujia na fagio lake. Kioo kilimchana mguu kuanzia gotini hadi kwenye kifundo. Alishonwa nyuzi ishirini na mbili, na daktari akasema ana bahati.

Siku ya tatu Kigingi akaitwa ofisini. Alikuta meneja, mhandisi, na shemeji yake ameshakaa. Hilo la shemeji kutangulia halikumshtua. Walikuwa wanaitwa pamoja siku zote. Mhandisi aligeuza kompyuta, akawaonyesha mistari miwili, mmoja wa bluu na mmoja mwekundu.

"Mkono wa kulia hauna kosa," alisema. "Umefundishwa vizuri kuliko nilivyowahi kuona. Huu mwekundu, wa kushoto, ndio unaachia mapema. Unaachia kila mara, siku zote tisa. Aliyeufundisha hakuwa anabeba. Alikuwa anashikilia tu."

 Kigingi alikielewa kitu hicho mara moja, kabla hata binti hajamaliza, kwa sababu mgongo wake ulikuwa unakijua. Akawaza: masikini shemeji, leo wamemjua. Akaanza kutafuta kichwani neno la kumwokoa, neno lolote, kwamba mashine ilikuwa mbovu, kwamba nyaya zililegea.

Meneja akavuta fomu. "Hapa imeandikwa nani alivaa mkono upi." Akasoma. Jina kamili la Kigingi, lile ambalo hata yeye mwenyewe hulisikia kwa nadra, likatoka mdomoni mwa meneja, na mbele yake neno: kushoto.

"Hapana," Kigingi alisema. "Mimi nilikuwa kulia. Mimi nasimama kulia siku zote. Shemeji, waambie."

Shemeji alikuwa anatazama kucha zake. "Siku zile tulikuwa tumebadilishana, mheshimiwa," alisema taratibu. "Ndivyo nilivyoandika, na yeye akasaini. Mimi sitaki kumsema shemeji yangu vibaya. Pengine alichoka. Mtu anachoka."

Sauti yenyewe ilikuwa ya huruma! Kigingi alimtazama akidhani ni mzaha, kwamba sasa hivi atacheka na kusema ukweli. Hakucheka. Kamera za siku zile zilikuwa zimejifuta, hujifuta kila mwezi. Mpakiaji fulani angeweza kukumbuka, lakini nani anakaa kutazama mwenzake amesimama upande gani, na nani katika siku hizi za Wakwe angejitosa ofisini kumtetea mtu aliyevaa kizibao cha MWALIMU?

"Mama wa watu amechanwa mguu," meneja alisema. "Siwezi kulifunika hili. Kesho saa tatu uje usaini barua ya kuachishwa kwa uzembe, au uje na la kujitetea."

Sentensi ya kujitetea Kigingi alikuwa nayo mdomoni palepale. Mwambieni anyanyue mkono. Maneno matatu tu. Aliyameza, akaondoka. Aliyameza kwa ajili ya mdogo wake, maana bega lile likijulikana, nyumba ile ina watoto wanne.

Hakwenda kwake. Alikwenda moja kwa moja kwa mdogo wake, amwambie kabla mumewe hajafika na maneno yake, ili yeye akae na mumewe amweke sawa. Alimkuta uani anafua, povu hadi kwenye viwiko, redio inaongea peke yake dirishani.

"Karibu, kaka," alisema, na hakushangaa kumwona saa ile ya kazi. Hicho ndicho kitu cha kwanza Kigingi alichokiona. Cha pili, hakuinua macho.

Kigingi akaketi kwenye ndoo iliyogeuzwa, akaeleza yote: mstari wa bluu na mwekundu, fomu, mkono wa kushoto. Alipofika kwenye fomu, mdogo wake akaacha kufua.

"Umesema nini kuhusu bega?" aliuliza.

"Sikusema kitu."

Akapumua. Pumzi ile Kigingi aliisikia vizuri kuliko maneno yote ya siku hiyo. Ilikuwa pumzi ya mtu aliyekuwa anasubiri majibu ya hospitali akaambiwa ni mzima.

"Wewe ulikuwa unajua," Kigingi alisema.

"Kaka..."

"Jana ulijua? Juzi?"

Mdogo wake alijifuta mikono kwenye kanga, kidole kimoja kimoja. "Alikuja siku ile walipowaambia mtavaa zile nguo za nyaya," alisema. "Alikuwa na hofu. Aliniambia ile mashine inaona kila kitu, itaona hata bega. Mimi ndiye niliyemwambia aandike jina lako pale. Nilisema, kaka mkono wake ni mzima, hata wakimpima hawatakuta kitu, watasema mashine imekosea, mambo yataisha. Sikujua itamwangukia mtu, naapa sikujua."

"Na leo? Leo ulijua yameshamwangukia mtu."

"Leo nilimwambia akae kimya." Akaanza kulia, lakini aliendelea kuongea hukohuko ndani ya kilio. "Wewe uko peke yako, kaka. Una mikono miwili, utapata kazi popote. Yeye akitoka pale hatapata tena. Nikupigie hesabu gani nyingine? Na nilijua hutasema. Wewe huwezi kunifanyia hivyo. Nilimwambia, mwache tu, kaka hasemi."

Kigingi alisimama.  Miaka sita alidhani amewapa kitu. Kumbe walikuwa wamekaa na kumpima, wamekuta ni mtu wa kutosha, wakamtumia. Upendo wake ulikuwa umeingizwa kwenye mpango kabla hata kalamu haijagusa fomu. Iliuma kuliko kama lile kreti lingemwangukia mwenyewe, na tusipake rangi hapa: alimchukia mdogo wake, dakika ile, kwa moyo wote.

"Nabandika chai," mdogo wake alisema.

"Kunywa mwenyewe," alijibu, akatoka.

Kesho yake saa tatu kamili alikuwa ofisini, amenyoa ndevu, kizibao kipya amekikunja kwapani. Shemeji alikuwa hapo. Barua ilikuwa hapo, na kalamu juu yake.

"Una la kusema?" meneja aliuliza.

"Ninalo. Mwambieni anyanyue mkono wa kushoto."

Shemeji akacheka kidogo, kile kicheko chake cha kuwafurahisha wakubwa. Hakuna aliyecheka naye. Mhandisi akavua miwani. "Nyanyua tu," alisema kwa upole, "tuone."

Akanyanyua. Mkono ukapanda hadi kifuani, ukasimama. Akajaribu kuusukuma, jasho likamtoka kwenye paji la uso, mdomo ukapinda, na mkono ukabaki palepale, unatetemeka. Kisha akaushusha na kuushika kwa mkono wa pili.  Mhandisi aliugeuza uso kwenye kompyuta, akautazama ule mstari mwekundu kwa muda mrefu.

"Tangu lini?" meneja aliuliza.

"Miaka sita," Kigingi alisema, na kifua chake kikafunguka kwa mara ya kwanza tangu jana. Akaeleza yote, ngazi, dari, namna ya kulivuta kreti upande wake. Aliongea kama mtu anayelipwa kwa neno. Aliposimama kuvuta pumzi, meneja alikuwa anamtazama yeye, wala si shemeji.

"Kwa hiyo ulijua," alisema. "Mwenzako habebi, unajua habebi, na ukavaa ile nguo siku tisa ukaifundisha mashine yangu hivyohivyo. Huyu amedanganya kwenye fomu. Wewe je, umedanganya kwa nini?"

Kigingi akafungua mdomo. Angesema kwamba alisahau, na ulikuwa ukweli mtupu, na hata yeye mwenyewe alisikia jinsi utakavyoonekana upuuzi.

"Ni shemeji yangu," alisema.

"Basi mtaondoka pamoja," meneja alisema, akavuta barua ya pili kutoka kwenye droo.

Nje ya geti, shemeji ndiye aliyeongea kwanza. Macho yalikuwa mekundu. "Umepata nini sasa? Hebu niambie, umepata nini?"  Walitembea pamoja hadi kwenye kona kwa sababu njia ilikuwa moja, halafu mmoja akaenda huku na mwingine kule, bila kuagana.

Ilipofika saa saba mchana simu ikalia. Kigingi alikuwa amekaa kitandani na viatu miguuni. Aliyepiga alikuwa mama yao.

"Mwanangu," mama alisema bila salamu, na mama yule hakuwahi kuacha salamu. "Mdogo wako amenipigia, analia mpaka haelezeki. Anasema umekwenda kumchongea mumewe kwa wakubwa, umemvua nguo mbele za watu kwa ugonjwa wake, mpaka amefukuzwa. Nikamwambia si kweli, mwanangu simjui hivyo. Nikamwambia umekosea, binti yangu. Niambie si kweli."

Yote yalikuwa hapo, yamejipanga, angeyatoa kwa pumzi moja: fomu, kanga, pumzi ile ya uani, nilijua hutasema. Mama angemwamini. Angemwamini mara moja, na kisha angekata simu na kumpigia binti yake, na kuanzia leo mpaka siku anayokufa angejua kwamba amezaa mtoto mmoja aliyemuuza mwenzake kweupe.

"Upo?" mama aliuliza. "Sema tu si kweli, mwanangu."

"Ni kweli, mama," alisema.

Mama hakumtukana wala hakukata simu. Kigingi akamsikia anapumua, na akasubiri neno lolote, mpaka simu ikajikata yenyewe.